Rili ya Spini au ya Beitikasti? Mwongozo kwa Anayeanza Kuvua kwa Fimbo Ukingoni mwa Ziwa Tanganyika

Karibu kila wiki kijana mmoja hunisimamisha, ama sokoni Mwanga hapa Kigoma ama njiani kuelekea Katonga, akaniuliza swali lile lile: anunue rili gani (yaani kifaa cha kukunjia uzi), ile inayoning'inia chini ya fimbo au ile inayokaa juu yake? Wengi wao wamekwisha kutazama kwenye simu video za Wamarekani wanaovua samaki aitwaye besi, na kwa kuwa humo rili ya juu ndiyo inayoonekana mara nyingi, huamini kwamba hiyo ndiyo ya mafundi na ile ya chini ni ya watoto. Imani hiyo imewagharimu vijana wengi fedha walizozipata kwa jasho, na ndiyo sababu nimeamua kuandika hatua zote mahali pamoja.

Jibu langu nalitoa mapema ili usilisubiri. Kama unaanza, na utavua ukiwa umesimama juu ya mawe ya Bangwe au kwenye mchanga wa Katonga, nunua rili ya spini. Rili ya beitikasti ina kazi yake, nami ninayo, lakini kazi hiyo huja baadaye, pale utakapokuwa unarusha chambo kizito na kidole gumba chako kimekwisha kujifunza.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Rili ya spini huning'inia chini ya fimbo, na bobini yake, yaani kigurudumu kinachoviringishiwa uzi, haizunguki unaporusha. Uzi humwagika wenyewe kutoka mdomoni mwa bobini, duara baada ya duara, na upinde wa waya ndio unaourudisha unapokunja. Rili ya beitikasti hukaa juu ya fimbo, na bobini yake huzunguka yenyewe kwa kuvutwa na chambo kinachoruka. Tofauti hiyo moja ndiyo inayozaa tofauti nyingine zote. Chambo chepesi hakina nguvu ya kuizungusha bobini, lakini kinaweza kuuvuta uzi unaomwagika bila kizuizi.

Neno moja kuhusu samaki pia. Besi hayumo katika ziwa letu. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na jirani zetu wa Kenya walimpata katika Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Wa kwetu anayekaribiana naye kwa tabia ni kuhe, ambaye hutajwa kuwa mkubwa kuliko samaki wote wa ukoo wa sato duniani. Kuhe hula samaki wadogo, husogea karibu na ukingo, na hukifuata chambo kinachokimbia. Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria yeye.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa. Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na fimbo moja haikuondoi katika sheria hiyo. Mwone afisa uvuvi wa halmashauri, kisha wajulishe viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wa mwalo ulio karibu. Uliza pia kama ziwa limefunguliwa: mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa kwa miezi 3, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.
- Fimbo na rili zinazolingana, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 3.
- Uzi wa nailoni wa milimita 0.25 hadi 0.30, usiopungua mita 120.
- Vyambo bandia 3 au 4 vya uzito tofauti, pamoja na vibanio na pete zake.
- Koleo ya kutolea ndoano, wembe au mkasi, na chupa tupu ya maji ya lita 1.5. Chupa hiyo ina kazi maalumu, usiitupe.
- Nati nzito ya chuma kwa ajili ya mazoezi nchi kavu.
- Kofia na miwani. Ndoano inayorudi kwa kasi haichagui pa kuingia.

Hatua kwa hatua

1. Pima chambo kabla ya kuchagua rili. Watu wengi hununua rili kwanza, kisha wanatafuta chambo cha kuitosheleza. Fanya kinyume chake. Chukua vyambo unavyokusudia kuvitumia, nenda kwa sonara au kwa mwenye mizani ndogo, uvipime kimoja kimoja. Vikiwa kati ya gramu 5 na 15, rili yako ni ya spini na hakuna mjadala. Vikizidi gramu 15, rili zote mbili zinaweza kufanya kazi. Vikizidi gramu 25 na uzi wako ukiwa mnene, hapo beitikasti huanza kuonyesha ubora wake, kwa kuwa ina nguvu ya kukunja na inakuwezesha kukitua chambo mahali hasa unapopataka.

Kwa nini nasisitiza vyambo vyepesi? Kwa sababu ya maji yetu. Siku tulivu ukisimama juu ya jiwe unaona chini kabisa, mita nyingi, hadi rangi ya kokoto. Samaki naye anakuona wewe, anauona uzi, na anakisikia chambo kizito kikianguka kama jiwe. Hao wa kwenye video mara nyingi wamo ndani ya boti, kwenye maji ya tope au yenye majani mengi, ambako uzi mnene hauonekani na nguvu ya kumng'oa samaki kwenye majani ndiyo inayotakiwa. Wamechagua vizuri kwa mahali pao.

2. Usome upepo wa mahali utakaposimama. Kwa kawaida asubuhi na mapema upepo mwepesi hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na alasiri hugeuka ukatoka ziwani ukakupiga usoni. Tangu Mei hadi Septemba kuna kusi, ambayo ikishika huweza kuvuma siku nzima. Upepo wa usoni hukipunguzia chambo mwendo kikiwa bado angani. Bobini ya beitikasti haijui hilo, inaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile, na uzi unaotoka hauna pa kwenda. Unafumuka na kujisokota ndani ya rili kama kiota cha ndege. Rili ya spini kwenye upepo huo itapoteza umbali tu.

Rili yangu ya kwanza ya beitikasti niliinunua kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba ingerusha chambo cha gramu 7 bila taabu. Asubuhi nilirusha vizuri kiasi. Ilipofika saa 9 alasiri, upepo ukiwa usoni, nilirusha mara moja kwa nguvu, na nilipotazama chini niliona vitanzi vya nailoni vimetoka nje ya rili pande zote, vingine vimeingia ndani ya gia. Nilikaa juu ya jiwe nikivuta kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya ndoano hadi jua likaanza kuzama upande wa Kongo, na mwisho nikaukata uzi wote kwa wembe. Siku hiyo sikurusha tena.

3. Chagua fimbo inayolingana na rili. Fimbo ya spini ina pete kubwa karibu na rili, ambazo hupungua ukubwa kadiri unavyokaribia ncha, na pete hizo hutazama chini. Fimbo ya beitikasti ina pete ndogo zinazotazama juu, na chini ya mshikio ina kijino kama kifyatulio cha bunduki cha kushikia kidole. Usichanganye. Rili ya spini kwenye fimbo yenye pete ndogo husugua uzi na kukupunguzia umbali, nayo beitikasti kwenye fimbo ya spini haishikiki vizuri mkononi.

Kwa ukingoni, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4 unatosha, fupi kuliko hapo haikufikishi juu ya mawe yaliyo mbele yako. Chukua inayogawanyika vipande viwili. Fimbo nyingi za beitikasti hutengenezwa kipande kimoja, na sijui ni bodaboda gani atakayekubali kukupeleka hadi Katonga ukiwa umeikumbatia fimbo ya mita 2 iliyosimama kama mlingoti.

4. Ikague rili dukani, mkononi mwako. Kwa spini, ukubwa unaoandikwa 2500 hadi 4000 ndio wa kuvulia ukingoni. Fungua na ufunge upinde wa waya mara 10. Lazima ufunge kwa sauti kavu bila kulegea. Zungusha mpini taratibu ukiwa umeisogeza rili sikioni: ukisikia mkwaruzo kama wa mchanga, irudishe. Pitisha kidole kwenye kigurudumu kidogo kilicho mwanzoni mwa upinde ambamo uzi hupita, kwa kuwa kikiwa na ukwaruzo kitaula uzi wako ndani ya wiki chache.

Mtu wa mashoto azingatie jambo hili: mpini wa rili nyingi za spini huhamishika upande wowote, lakini wa beitikasti hauhamishiki. Ukinunua ya mkono usio wako, ni hasara.

5. Jaza uzi kwa utulivu. Makosa ya hatua hii hujitokeza siku ya tatu ziwani, wakati umekwisha kusahau ulivyofanya. Kwa spini, pitisha uzi kwenye pete ya kwanza ya fimbo, fungua upinde, funga fundo kwenye bobini, kisha funga upinde. Ilaze bobini ya dukani sakafuni, ubapa wake ukitazama juu, na ukunje mizunguko 15 huku ukiubana uzi kwa vidole vya mkono mwingine. Simama, ulegeze uzi. Ukijisokota, igeuze bobini ya sakafuni upande wa pili na uendelee. Ukitulia, endelea kama ulivyoanza.

Jaza hadi ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kufikia mdomo wa bobini. Ukijaza kupita hapo, vitanzi vitamwagika vyenyewe. Ukijaza nusu, uzi utakwaruza ukingo wa bobini na chambo hakitafika mbali.

Kwa beitikasti, bobini ya dukani haitakiwi kulala. Mpe mwenzako kalamu aipitishe katikati ya bobini na aishike kwa mikono miwili, ili izunguke kama gurudumu.

6. Weka breki kwa chupa ya maji. Breki ndiyo inayomruhusu samaki kuvuta uzi bila kuukata, na kanuni inayofaa ni robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Kwa nailoni inayobeba kilo 5 au 6, hiyo ni takriban kilo 1.5, na hapo ndipo chupa yako inapoingia kazini, kwa kuwa lita 1.5 za maji zina uzito wa kilo 1.5. Ijaze, ifunge kwenye mwisho wa uzi, uiinue moja kwa moja kutoka kwenye rili, si kupitia ncha ya fimbo. Legeza breki hadi chupa ianze kushuka polepole bila kurukaruka. Acha hapo hapo.

7. Jifunze kurusha nchi kavu. Nenda kwenye uwanja wa mpira ambao hauna watu, funga nati badala ya chambo, na uweke ndoo mita 20 mbele yako. Kwa spini: ushike uzi kwa kidole cha shahada, fungua upinde, peleka fimbo nyuma, ilete mbele kwa mwendo mmoja, na uachie uzi fimbo inapopita usawa wa jicho lako. Nati ikitua, ufunge upinde kwa mkono. Usiufunge kwa kuzungusha mpini, hata kama rili inaruhusu. Kisha vuta uzi kidogo kwa vidole hadi ukazike ndipo uanze kukunja. Anayeifanya tabia hii kuwa ya kila mara huepuka sehemu kubwa ya matatizo ya spini.

Siku mbili za jioni zinatosha kumfanya mtu arushe spini vizuri. Beitikasti itakutaka majuma.

8. Kama umechagua beitikasti, irekebishe kila unapobadilisha chambo. Karibu na mpini kuna kifundo kidogo cha kukaza bobini, na upande wa pili kuna breki ya kurushia yenye namba. Gurudumu lenye umbo la nyota ni jambo jingine. Hilo ni breki ya samaki. Anza hivi: weka breki ya kurushia kwenye namba ya juu kabisa. Nyoosha fimbo mbele yako, bonyeza kitufe cha kuiachia bobini, uondoe kidole gumba. Chambo kinapaswa kushuka taratibu, na kikigusa ardhi bobini isimame yenyewe. Ikiendelea kuzunguka, kaza kifundo kidogo kidogo na urudie.

Unaporusha, kidole gumba kisiache kuigusa bobini kabisa. Kiguse kama unavyogusa pasi kujua kama imepata moto. Sekunde ile chambo kinapogusa maji, bonyeza bobini isimame. Ukirusha mara 50 bila kiota, punguza breki kwa namba moja tu. Na usirushe dhidi ya upepo hadi uwe umezoea.

9. Siku ya kwanza ziwani. Nenda alfajiri. Kabla ya kurusha geuka nyuma kila mara, kwa kuwa katika mialo yetu nyuma yako kuna watoto, na kuna kina mama walioanika dagaa juu ya mchanga na vichanja. Ndoano tatu za chambo kimoja zikinasa kwenye kichanja cha mtu, umeharibu kazi ya asubuhi nzima. Usirushe penye nyavu za wenzako. Kwenye mawe, tazama unapoweka mkono, maana swila wa maji hupenda kujificha humo. Ana sumu ingawa hakutafuti. Usiingie majini hadi magotini kwa sababu ya kutaka umbali zaidi, hasa karibu na mlango wa Malagarasi ambako kuna mamba. Maeneo ya Hifadhi ya Gombe hayavuliwi.

Rusha sambamba na ukingo kabla ya kurusha mbali. Chini ya ziwa hili hushuka ghafla, kina chake cha juu kikifikia mita 1,470, na kuhe wengi utakaowafikia wamo katika ukanda mwembamba ulio karibu na miguu yako. Ukiwaona wawili wametulia juu ya kundi la vifaranga, waache. Baba na mama huwalinda watoto pamoja, na ukimtoa mmoja, vifaranga huliwa mbele ya macho yako.

Mambo yakienda kombo

*Uzi wa spini unajisokota kila ukiulegeza.* Sababu kubwa ni kuzungusha mpini wakati samaki anavuta na breki inalia. Kila mzunguko huongeza msokoto. Samaki akivuta, subiri. Akisimama, inua fimbo, kisha kunja huku unaishusha. Uzi uliokwisha kujisokota unaponyeka: toa chambo, nenda uwanjani, acha mita 50 za uzi zilale kwenye majani, tembea ukiuburura, kisha ukunje ukiwa umeubana kwa vidole.

*Kitanzi kimetoka mdomoni mwa bobini ya spini.* Usivute mbele kwa nguvu. Legeza breki, vuta uzi taratibu hadi kitanzi kifunguke, kisha ukunje upya ukiwa umekazika.

*Kiota ndani ya beitikasti.* Kaza breki ya nyota hadi mwisho, bonyeza kidole gumba juu ya kiota kwa nguvu, na uzungushe mpini mara mbili au tatu. Kisha bonyeza kitufe na uvute uzi polepole. Rudia. Viota vingi hufunguka hivyo bila wembe. Laiti ningalijua hilo siku ile ya alasiri.

*Chambo hakifiki mbali.* Angalia kwanza kama bobini imejaa vya kutosha, kisha uzito wa chambo, kisha unene wa uzi. Usikimbilie kununua rili nyingine.

*Uzi unakatika kwenye fundo.* Mara nyingi fundo lilikazwa likiwa kavu, likaunguza nailoni. Lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Kwa fundo la kawaida, pitisha uzi kwenye tundu, uzungushe mara 5 juu ya uzi mkuu, rudisha ncha kwenye kitanzi kilicho karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa ulichokiunda, na uvute polepole.

*Uzi uliokatwa umebaki juu ya jiwe.* Uzungushe kwenye kiganja, uukate vipande vifupi, uweke mfukoni uende nao nyumbani. Mnandi hutua kwenye mawe yale yale, na nailoni ikimfunga mguu hajiokoi.

*Rili imeangukia mchangani.* Usizungushe mpini hata mara moja. Ipulize, ifute kwa kitambaa kibichi, iache ikauke, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kigurudumu cha upinde na kwenye kiungo cha mpini. Mafuta ya kupikia huganda na kukusanya vumbi. Ikiwa mkwaruzo umebaki baada ya hapo, ifungue nyumbani juu ya shuka jeupe, ukizipanga skrubu kwa mfuatano ulivyozitoa, na upige picha kila kipande kabla ya kukigusa kinachofuata.